Ukucha Kati ya Amsterdam na London

Mwalimu hakuwa mtu wa kukuuliza habari za nyumbani. Ukitoka safari, hata kama ulikwenda kuzika, alikushika mkono pale mlangoni mwa kanisa, akakuinamia kidogo na kuuliza, "Ulipitia wapi?" Ukimwambia ulishuka Amsterdam ukapanda nyingine ya London, macho yake yaliwaka. Alitaka kujua ndege ilifunga mlango saa ngapi, ilitambaa chini dakika ngapi kabla ya kuruka, na ilizungushwa mara ngapi hewani kabla ya kuruhusiwa kutua. Pole alikupa baadaye, na alikupa ya kweli, lakini kwanza alitaka dakika zake.

Sote tulimwita Mwalimu, Wakenya na Wakongo wa kanisa letu dogo la Eagan, hata watoto ambao Kiswahili wanakisikia tu na kukujibu kwa Kiingereza. Alikuwa amefundisha jiografia mashariki mwa Congo kabla ya kuwa mkimbizi. Hapa Minnesota alipanga maboksi kwenye bohari moja, na chini ya ile fulana ya manjano inayong'aa alivaa tai kila siku. Vijana wa kazini walimcheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakamzoea. Mimi nilimcheka miaka miwili.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ndani ya nyumba yake ni tufe la dunia. Alilinunua Anoka, kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa amepanga vitu vyake vya zamani kwenye nyasi mbele ya nyumba. Lilikuwa tufe la zamani kweli, kwao kumeandikwa Zaire. Kijana mmoja wa kwaya alimwambia, "Mwalimu, hii map yako ime-expire." Mwalimu alilifuta vumbi kwa mkono wa shati na kumjibu bila kugeuka.

"Inchi zinabadilishaka majina, mwanangu. Kilometa zinabakia pale pale."

Alipima kwa uzi mwekundu aliouchukua kwenye kikapu cha mke wake cha kushonea. Alibana ncha moja kwa kidole gumba juu ya Nairobi, akauvuta uzi mpaka Amsterdam, akaukata kwa meno. Huo ulikuwa mrefu kama kidole cha kati pamoja na nusu ya kiganja. Kutoka London hadi hapa Minneapolis uzi ulitoka karibu sawa na ule. Halafu alikata ule wa katikati, wa Amsterdam na London, akakuwekea kiganjani, nawe ukasogea dirishani ili uuone. Ulikuwa sawa na upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kama kilomita mia tatu na sabini, alisema, hapa na Fargo tu, lakini Fargo unaenda kwa gari ukisikiliza redio.

Sasa nieleze kwa nini alikata nyuzi, maana hapo ndipo ulipo utamu wa mtu huyu. Kanisani kwetu mtu akisafiri, ndege yake hushikwa. Ndivyo tunavyosema, kushika ndege. Safari inagawanywa vipande, na kila kipande kinapewa mtu wa kukiombea tangu magurudumu yanyanyuke hadi yaguse chini. Unaweza kuwa unaosha vyombo, unaweza kuwa kazini unamgeuza mgonjwa kitandani, lakini moyo wako uko kwenye ile ndege na uzi wako umefungwa kidoleni. Kipande chako kikiisha unaandika kwenye grupu la simu, "Pokea," na anayefuata anaandika, "Nimepokea." Mchungaji ndiye aliyeanzisha maombi. Uzi na ratiba ni vya Mwalimu, na ratiba aliziandika nyuma ya maboksi ya nafaka za watoto kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni.

Alikuwa na sheria moja tu. Kuitazama ndege kwenye simu, kale kaplane kanakotambaa kwenye ramani, ilikuwa marufuku. "Ukitazama umekuwa mtu wa cinéma," alisema. "Mi nahitaji mtu wa kushika."

Kila mtu aligombania vipande virefu. Kushika masaa nane juu ya Sahara kuna heshima yake, na Jumapili unasimulia. Kile kipande kifupi cha Ulaya hakuna aliyekitaka, kwanza kwa sababu uzi wake haufungiki hata kidoleni, kwa hiyo Mwalimu alikichukua mwenyewe siku zote. Aliubana ule ukucha wa uzi kati ya vidole viwili na kukaa kimya. Nilipomuuliza kwa nini anajipa makombo, alinieleza kwa uzito kabisa kwamba safari ndefu ina blanketi na chakula, na mtu akilala anaamka amefika. Ile fupi haina hata mkate. Watu wanashuka wamechoka, wanakimbia, wanakaa mlango usio wao. Escale, pale pa kubadilisha ndege, ndipo watu wanapopotelea, alisema.

Usidhani mtu huyu alikuwa msafiri hodari. Huyo huyo aliyeweza kukutajia dakika za Brussels hadi Geneva huku akitafuna andazi, hakuwahi kufika kwangu bila kupotea. Barabara ya thelathini na tano inapogawanyika mara mbili kusini mwa miji yetu, yeye alichukua ule mkono usio wake, kila mara. Alipiga simu yuko Lakeville, anaulizia Eagan, na Eagan ndiko anakoishi. Na ndege alikuwa amepanda safari moja tu maishani, ile iliyomleta hapa na mke wake na watoto wanne. Ulaya anayoijua kwa macho, alikiri, ni zulia la uwanja wa ndege. Alikaa kiti cha dirishani akashusha kile kifuniko, akafumba macho, na hewani hakuvifungua vyote viwili mpaka Minnesota. Mtu anayependa ndege hivyo alikuwa anaziogopa kuliko nyoka.

Mimi nilimjua hasa mwaka ambao mama yangu alipata viza. Alikuwa amenyimwa mara mbili. Nilikuwa sijamwona kwa miaka kumi na mmoja, na binti yangu Zawadi alikuwa anamjua bibi yake kama uso kwenye simu unaouliza, "Umekula?" Mama hakuwahi kupanda ndege. Kiingereza chake ni "thank you" na "yes," na "yes" anaisema hata kwa jambo asilolielewa, jambo ambalo lilininyima usingizi. Alikuwa anakuja peke yake, Nairobi hadi Amsterdam, Amsterdam hadi London, London hadi hapa, kwa sababu ndiyo tiketi niliyoweza. Akipotea pale katikati, akisema "yes" kwa mtu asiye sahihi, nilikuwa sijui ningempata vipi.

Nilimwombea kiti cha magurudumu, kama tunavyowafanyia wazazi wote, si kwa sababu ya miguu bali ili awepo mtu wa kumsukuma hadi mlango ulio wake. Mama alikasirika. "Mimi nalima ekari mbili," aliniambia kwenye simu, "na wewe unataka niingie Ulaya kama mgonjwa?" Tulibembelezana siku tatu. Alikubali nilipomwambia hata mabibi matajiri wanasukumwa.

Wiki ile Mwalimu alikuwa na ovataimu, hivyo ratiba niliandika mimi. Nilijivuna, sitaki kudanganya. Nilikata nyuzi mwenyewe kwenye tufe lake, nikagawa vipande, Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikasoma boksi langu la nafaka kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Nairobi hadi Amsterdam, akina mama wa Burnsville. London hadi Minneapolis, kwaya nzima kwa zamu. Kile kifupi nikajipa mwenyewe. Tiketi ilisema inatoka Amsterdam saa sita kamili mchana na inafika London saa sita na dakika ishirini. Dakika ishirini tu! Kwetu hapa itakuwa saa kumi na moja alfajiri, nikimaliza naoga, naenda kazini kwenye nyumba ya wazee ya Lakeville. Mwalimu alikuwa ameketi safu ya tatu. Nilimwona akiinua kidole, halafu akakishusha, akatabasamu na kupiga makofi na wengine.

Alfajiri ile niliamka nimejaa furaha. Mama alikuwa ameshanitumia sauti kutoka Amsterdam, ananong'ona kama yuko maktaba, kwamba anayemsukuma ni kijana mzuri na hajaoa. Saa kumi na moja nikapiga magoti jikoni na ule ukucha wa uzi kati ya vidole. Niliomba kwa nguvu zote za dakika ishirini. Kisha nikaandika kwenye grupu, "Ametua London. Pokea." Ikarudi, "Nimepokea," na mikono ya kushukuru kama hamsini.

Nikasubiri sauti ya mama. Tulikubaliana akitua tu, yule wa kumsukuma amuunganishie mtandao. Dakika kumi, kimya. Nikapiga, simu imezimwa. Nikaingia kwenye gari, nikapiga tena, imezimwa. Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa nimeegesha nje ya kazi Lakeville, nimeandika kwenye grupu maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya: "Ndege ya mama haionekani." Simu ilianza kulia kama king'ora. Mama mmoja wa Burnsville alituma sauti, na ndani yake kulikuwa na kilio tu. Nikampigia Mwalimu.

Alipokea kabla haijalia mara mbili. Aliongea polepole, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Mama Zawadi, sikia. Ndege haijapotea. Iko juu ya maji."

"Mwalimu, ilifaa kufika saa hii! Nime-check ticket mara tatu."

"Tiketi inaandikaka saa ya kila pahali. Amsterdam iko na saa yake, Londres iko nyuma saa moja nzima. Ile si dakika makumi mbili, mama. Ni saa moja na dakika makumi mbili. Bado dakika makumi tatu na tano."

Niliona boksi langu la nafaka, na sauti yangu mwenyewe mbele ya kanisa. Saa nzima ya safari ya mama yangu haikuwa na jina la mtu.

"Nimemwacha," nilisema. "Saa moja yote, hakuna mtu anamshika."

"Niko naye," alisema Mwalimu. "Tangu saa kumi na moja. Niko na uzi mu vidole, na kahawa imepoa."

Akakaa nami kwenye simu dakika zote zile. Aliniambia wameacha nchi kavu, chini sasa ni bahari, hakuna kitu cha kuogopa kwenye bahari ile, ni ndogo. Aliniambia sasa rubani anapunguza, na masikio ya mama yanaziba, lakini watampa peremende. Aliniambia London ndege hupanga foleni hewani, zinazunguka kwa adabu zikingoja zamu, kwa hiyo nisihesabu sana. Jua lilikuwa linatoka juu ya paa la nyumba ya wazee, na mimi niliyekuwa nalia nilianza kucheka, maana ghafla niliiona: mama yangu, mwanamke wa ekari mbili, akizunguka juu ya London kwa adabu. Furaha ilinipanda mpaka nikapiga usukani.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili Mwalimu alisema, "Eh." Baada ya muda simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti ya mama, sasa hanong'oni tena. "Hii ndogo ndiyo tamu," alisema. "Wamenipa juisi. Na dirishani nimeona bahari, inang'aa kama bati jipya. Mbona umenipigia mara nyingi hivyo?"

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakunisahihisha Jumapili, na kidole alikuwa ameshakiinua. "Ulikuwa unafurahi sana," alisema. "Nikajiuliza, ile saa moja ni ya nani? Nikaona ni ya mimi."

Jioni hiyo mama alitoka kwenye mlango wa kioo akiwa anatembea kwa miguu yake, kile kiti amekipakia mizigo, na mtu wa kukisukuma anamfuata nyuma. Zawadi alikimbia. Sitaeleza zaidi hapo, sina maneno yake.

Jumapili iliyofuata tulikula kwangu. Nilisimama kuomba msamaha kwa kanisa zima, na mke wa Mwalimu, mama mpole ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akiinua sauti, aliweka sahani chini.

"Kaa, mama," alisema. "Huyu professeur wenu aliniambia vile vile. Siku ya kuja huku, tulikuwa mu ndege ile ile ya Amsterdam na Londres. Nikamuuliza, ni dakika ngapi? Akasoma tiketi, akasema makumi mbili. Nikaambia watoto wajikaze, choo watapata chini. Dakika makumi mbili zikapita, makumi tatu, arobaini, hatushuki. Nikajua tumepotea juu ya bahari na hawataki kutuambia. Nikaanza kuimba wimbo wa matanga. Wazungu wote wakageuka. Na ule mutoto wa mwisho akajikojolea ku tai ya baba yake."

Tulicheka mpaka mchungaji akatoka nje. Mwalimu alicheka pia, ameziba uso kwa ile tai. Alisema alikuwa amefundisha saa za dunia kwa miaka kumi na minane, na akazisahau mbele ya mke wake. Toka siku ile hakumwachia mtu mwingine kipande kile. Kisha akavuta kiti karibu na mama yangu, akamuuliza kuhusu bahari. Inang'aa vipi? Unaona mawimbi au huoni? Mama alimjibu kwamba ni kama bati jipya, basi. Alimuuliza swali hilo kila walipokutana, na mama hakubadilisha jibu.

Mwisho nilimwona uwanja wa ndege, hapa kwetu. Binti yao wa kwanza, muuguzi, alikuwa amehamia London na sasa anaolewa, na Mwalimu alikuwa ametoa visingizio vyote mpaka vikamwishia. Ilikuwa jioni. Alikuwa amevaa suti na tai, na kwapani amebeba tufe ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu hakuamini kuliweka kwenye begi. Mke wake alikuwa ametangulia kwenye foleni ya ukaguzi, anamwashiria afanye haraka. Paji la uso wa Mwalimu lilikuwa limelowa jasho.

Alinipa boksi la nafaka. Mwandiko ulikuwa ule ule wa ubaoni. Minneapolis hadi Amsterdam, kwaya. Kurudi, akina mama wa Burnsville. Katikati, Amsterdam hadi London, hapakuwa na jina.

"Mwalimu, hapa umesahau."

"Sijasahau. Siwezi kushika ndege na mimi niko ndani."

"Lakini mimi ndiye niliyekosea hapo."

"Wewe na mimi," alisema. "Hawa wengine hawajui kama pale kuko shimo. Andika jina yako."

Nikaandika, nimelaza boksi juu ya tufe lake. Akaniwekea kiganjani kale ka uzi, nikalazimika kufunga ngumi kasije kakapeperuka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya darasani, "Dakika ngapi?"

"Saa moja na dakika ishirini, Mwalimu."

"Bien." Akaenda. Nilimwona mkaguzi akilitoa tufe kwenye mfuko na kulizungusha, na Mwalimu akimwonyesha kitu kwa kidole, nadhani Zaire.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Saa moja kamili nilikaa mezani jikoni na uzi kati ya vidole, simu nimeigeuza uso chini. Mama alitoka chumbani, akaniangalia, akavuta kiti bila kuuliza akaufumbata mkono wangu na ule uzi ndani yake. Dakika ishirini zikapita. Nilizisikia zikipita. Arobaini, nikamwona Mwalimu moyoni mwangu, amefumba macho kwenye kiti chake cha ndege, kifuniko kimeshushwa, nami nikamshika zaidi. Chai ya mama ilipoa. Hatukunyanyuka.

Saa mbili na dakika ishirini na sita simu ikatikisika mezani. Ilikuwa sauti ya Mwalimu, na nyuma yake watu wakifungua mikanda, na mke wake akicheka.

"Mama Zawadi," alisema, anahema kama aliyekimbia. "Nilifungua dirisha. Ambia Mama alisema kweli, ni kama bati jipya. Sasa achilia. Tumetua."